Mimea na Mwanga kwa Akwariomu Ndogo ya Nyumbani



Katika mkutano wetu mmoja, mama mkubwa mmoja aliniuliza mbele ya watu wote: “Mwalimu, samaki asiyeliwa na bukari ana faida gani nyumbani?” Tulicheka sana, lakini swali lake lilikuwa la kweli. Maji tunayachota, umeme unakuja na kwenda, na pesa ya mwezi inakwisha kabla ya mwezi. Sanduku la kioo lenye samaki wa kuangalia tu linaonekana kuwa jambo la watu wenye jenereta. Leo nataka kumjibu mama yule kwa kueleza jinsi nilivyochagua mimea na taa ya akwariomu yangu ya lita 40, hapa hapa Lubumbashi, kwa mshahara wa mwalimu.

Nyumbani ninalea watoto wanne: watatu niliowazaa, na mmoja wa marehemu dada yangu mkubwa. Huyu alikuja kwetu kutoka Likasi akiwa na miaka 8, baada ya mazishi. Alikuwa mtoto wa adabu. Ukimwambia kula, anakula, ukimwambia kulala, analala, lakini hasemi. Siku moja tulipokuwa tunangojea kwa daktari, alisimama muda mrefu mbele ya akwariomu iliyokuwa pale, kisha akaniuliza swali lake la kwanza tangu afike: “Mama mdogo, hawa wanalala saa ngapi?”

Siku ile niliamua kumtafutia samaki. Lakini kuna jambo lililonitia woga. Mtoto aliyempoteza mama yake siwezi kumwekea sebuleni kitu kitakachokufa kila umeme unapokatika. Kwa hiyo sikuuliza mimea ipi ni mizuri kuliko yote. Niliuliza mimea ipi itavumilia maisha ya nyumba yetu jinsi yalivyo. Nilisomea biolojia na kemia katika ISP, nikarudia daftari zangu za zamani, nikauliza wafugaji wa samaki, nikafikia kanuni moja: angalia kwanza mwanga ulio nao, ndipo uchague mimea. Wengi huanza na mimea mizuri waliyoiona kwenye picha, kisha wanahangaika kuitafutia taa kali. Katika mji wa delestaji, njia hiyo ni ya kujichosha.

Tuanze na dirisha, kwa sababu mwanga wake ni wa bure. Sisi tuko kusini ya Ikweta, kwa hiyo katika kiangazi, hasa mwezi wa sita na wa saba, jua linapita upande wa kaskazini, na dirisha linalotazama kaskazini linapokea jua moja kwa moja. Mwezi wa kumi na mbili jua la saa sita mchana liko karibu utosini, na paa linatukinga. Basi ukiweka akwariomu penye dirisha la kaskazini, mwezi wa sita jua litaipiga, na ule ute wa kijani utashika vioo vyote. Dirisha la magharibi nalo lina jua kali la alasiri. Pazuri ni kando ya dirisha la kusini, au mita moja hivi kutoka dirisha la mashariki, mahali ambapo unaweza kusoma gazeti mchana bila taa lakini jua lenyewe haligusi kioo. Meza iwe imara, maana lita 40 za maji ni kilo 40, na bado hujapima kioo, mchanga na mawe.

Taa inakuja kuongezea kazi ya dirisha. Kwa mimea isiyodai mwanga mwingi, inatosha kupata lumeni 15 hadi 20 kwa kila lita. Kwa lita 40, hiyo ni lumeni 600 hadi 800, na ampuli moja ya LED ya wati 8 au 9 ya kawaida, ile ya kuwashia chumba, inatoa karibu kiasi hicho. Soma maandishi kwenye boksi: tafuta neno lumeni, na kwa rangi chukua ile iliyoandikwa 6500 K, yaani mwanga mweupe kama wa mchana. Seremala alinitengenezea kisanduku chepesi cha mbao, nikakipaka rangi nyeupe ndani ili mwanga wote urudi chini, tukakitundika juu ya maji kiasi cha sentimeta 20.

Taa ya wati 8 ikiwaka saa 7 kila siku, kwa mwezi mzima haifiki kilowati-saa 2. Baba watoto, ambaye mwanzoni alisema tunamwaga pesa majini, nilimfanyia hesabu hiyo kwenye karatasi, akanyamaza. Wenye pano ndogo ya jua wanaweza kutumia ampuli ya volti 12. Bateri ya volti 12 na ampea-saa 7 inabeba wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isiharibike mapema, unapata saa 5 za taa ya wati 8. Kwa akwariomu iliyo kando ya dirisha, saa 5 hizo ni nyingi.

Kuhusu muda, mimea inataka saa 6 hadi 8 za mwanga mzuri kwa siku, na inapenda saa zisizobadilika sana. Kama umeme ulikosekana mchana, usiwashe taa usiku kucha ili kulipa deni. Mwanga unapozidi, mimea haili haraka zaidi; anayeshiba ni ule ute wa kijani. Tena samaki wanahitaji giza la kupumzika, kama watoto wetu. Nyumbani, mlinzi wa saa ni yule kijana wangu. Taa inazimwa saa mbili ya usiku, na hakuna mtu anayebishana naye.

Wamama, maji na umeme ni hatari vikikutana, hasa penye watoto. Waya wa taa uache uning'inie chini kuliko priza, kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye priza. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa. Umeme ukikatika, chomoa pia, maana ukirudi unaweza kuja na nguvu ya kuunguza ampuli.

Sasa mimea yenyewe. Ninayo aina tano, na kila moja ina sababu yake.

Wa kwanza ni ule unaofanana na mkia wa mbweha, kijani cheusi, laini, unaoelea bila mizizi. Jina lake la kitaalamu ni Ceratophyllum. Nilipewa bure na mfugaji wa samaki nje ya mji, yeye anauona kuwa taka. Unakunywa chakula chake moja kwa moja kutoka majini, kwa hiyo unasafisha uchafu wa samaki, na unavumilia maji ya baridi. Hilo ni jambo kubwa hapa kwetu, ambapo usiku wa kiangazi baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Unakua haraka, kila wiki mbili ninapunguza konzi moja. Kama mtu ana pesa au nafasi ya mmea mmoja tu, achukue huu.

Wa pili ni Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe. Ndugu zake wanaota katika ziwa Tanganyika, na wangu ulitoka upande wa Kalemie, umefungwa katika gazeti lenye unyevu ndani ya mfuko. Unapandwa mchangani. Maji yenye chokaa hauyachukii. Wale wanaochota maji ya foraji na kuona weupe chini ya birika wajue kwamba mmea huu utayafurahia. Baada ya miezi miwili ulianza kutuma watoto chini ya mchanga, mmoja huku, mmoja kule, na sasa ni kama shamba dogo.

Wa tatu ni Anubias, mmea wa vijito vya msituni katika Afrika ya Magharibi na ya Kati. Majani yake ni magumu kama ya mti, yanakua polepole sana, na yamezoea kivuli cha miti mikubwa. Huu ndio mmea wa delestaji. Usiufukie mchangani. Ule mzizi mnene unaolala ukifukiwa unaoza. Ufunge juu ya jiwe kwa uzi, baada ya muda utashika wenyewe. Mwenzangu wa kazi aliniletea kipande kutoka Kinshasa. Wa nne unafungwa juu ya jiwe vilevile: ni jamii ya mashilingi, unaitwa Bolbitis, nao ni mwenyeji wa vijito vya Afrika na hauhitaji mwanga mwingi.

Wa tano mnaujua wote, nao ni matembele. Chukua shina la matembele lenye vifundo, mizizi ikae majini na majani yabaki nje, upande wa dirisha. Majani yanatumia hewa na mwanga wa dirisha, mizizi inakunywa uchafu wa samaki. Hata taa ikikosekana wiki nzima, matembele yanaendelea na kazi. Mama mkwe alipoyaona alicheka, akasema sasa anaelewa: ni bustani. Ndiyo, ni bustani, ila haya hatuyapiki.

Sikuchukua mimea myekundu inayoonekana kwenye picha. Mingi inadai taa kali na hewa ya kaboni ya kuongezwa kwa chupa, na siku ya kwanza ya giza inaanza kudondosha majani. Sikuchukua pia mmea wa kuelea wenye umbo la saladi, Pistia. Unapendeza, lakini unafunika uso wa maji na kuwanyima wengine mwanga, na kuna mbu wa jamii ya Mansonia ambao watoto wao hujishika kwenye mizizi yake na kupumulia humo. Kwa samaki, tulichukua gupi watano. Ni wadogo, hawali mimea, na wanakula watoto wa mbu wakianguka majini. Msiweke kitoto cha tilapia wa kifua chekundu. Yeye ni mla majani, ndiyo maana wafugaji humpa hata majani ya muhogo. Mtaamka asubuhi na kukuta shamba limevunwa.

Maji ya bomba nayaacha siku moja katika ndoo wazi ili klorini itoke, na mdomo wa ndoo naufunika kwa kitambaa chepesi cha wavu kwa sababu ya mbu. Kila juma nabadilisha ndoo moja ya lita 8. Maji yanayotoka hayamwagwi, yanakwenda kwenye lengalenga nyuma ya nyumba, na yana mbolea nzuri.

Kuna jambo ambalo kila mama anapaswa kulishika kabla ya kutuma watoto kutafuta mimea. Mabwawa na vijito vyetu vina konokono wanaobeba bilharzia. Mtoto asiingie majini kwa ajili ya akwariomu. Mimea yoyote iliyotoka bwawani naiosha, natoa konokono wote na yale mayai yao yanayofanana na ute ulioganda chini ya majani, kisha naiweka peke yake katika ndoo kwa wiki mbili na kuichunguza tena kila siku. Kazi hiyo naifanya mwenyewe, na glavu mkononi.

Tena, msichukue mimea wala mchanga chini ya viwanda na migodi. Sisi ni watu wa mji wa shaba. Shaba ikiwa nyingi majini inaua konokono na samaki, na mimea huikusanya ndani yake. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao, na watoto walikuwa miongoni mwao. Kwangu, akwariomu imekuwa njia ya kuwafundisha watoto jambo hilo bila kuwatisha. Wanaona kwa macho kwamba maji yanayoonekana safi si lazima yawe mazuri, na kwamba kinachomwagwa majini kinaingia katika kila kiumbe kilichomo.

Na mimea inayozidi, msiitupe mtoni. Lile gugu maji lenye ua la zambarau, lililotoka Amerika ya Kusini, liliingia katika mto Kongo miaka ya 1950 na mpaka leo linasumbua mashua na wavuvi. Mimea yangu inayozidi naianika juani hadi ikauke, kisha inakwenda shimo la mbolea.

Wale wanaodhani hii ni kazi ya wanaume wenye mashine wajue kwamba akwariomu ya kioo ilianzishwa na mwanamke aliyeanza maisha kwa sindano na uzi. Jeanne Villepreux-Power alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1794, akawa mshonaji wa nguo Paris, kisha akahamia kisiwa cha Sicily. Mwaka wa 1832 alitengeneza masanduku ya kioo ili awachunguze wanyama wa bahari wakiwa hai. Mwaka wa 1850 mkemia Robert Warington wa London akaeleza jinsi samaki wawili, konokono wachache na mmea wa Vallisneria walivyosaidiana katika chombo kimoja: mmea unawapa samaki oksijeni, konokono wanakula majani yaliyooza, na uchafu wa wote unarudi kuwa chakula cha mmea. Ni mmea ule ule wa utepe ulio sebuleni kwangu.

Darasa langu la saba wameuona usaidizi huo. Tunaweka kipande cha Ceratophyllum katika chupa ya maji penye dirisha, tunahesabu mapovu yanayopanda kwa dakika moja. Kisha tunaisogeza chupa kwenye kona yenye giza, mapovu yanapungua hadi yanakwisha. Hatuna maabara, lakini hakuna mwanafunzi wangu asiyejua mwanga unafanya kazi gani katika jani.

Mwaka jana, katika kiangazi, mtaa wetu ulikaa siku sita bila umeme. Jioni ya pili kijana wangu alikuja jikoni nikiwa naepua sombe, akauliza: “Mama mdogo, watakufa?” Nilimwambia hapana. Sikumdanganya. Mimea ya kivuli inaweza kukaa siku tatu au nne hata katika giza kamili na isife, wengine hufanya hivyo kwa makusudi ili kuua ute wa kijani, na yetu ilikuwa na dirisha. Tulichofanya ni kufunika kioo kwa blanketi usiku kwa sababu ya baridi, kupunguza chakula, na asubuhi kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu mara ishirini ili hewa iingie, kwa kuwa usiku mimea nayo inavuta oksijeni kama sisi. Siku ya saba walikuwa wazima wote.

Baadaye gupi mmoja alikufa, yule wa kwanza, kwa uzee. Tulimzika chini ya mpapai. Kijana alikaa pale kidogo, kisha akaniambia kwamba mama yake alipenda maua ya njano, na kwamba kaburi lake Likasi halina ua hata moja. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja. Juma lililofuata tulipanda basi, tukapeleka miche miwili.

Kwa mama anayetaka kuanza, gharama kubwa ni kioo na kazi ya fundi wa vioo. Mimi nililipa kwa awamu tatu, kwa likelemba ya walimu. Panda mimea kwanza, ngoja wiki nne au tano bila samaki, ndipo uwalete wachache. Anza na Ceratophyllum na shina moja la matembele, na ampuli moja ya wati 8. Mimea mingine itakuja polepole, kwa kugawiana. Nina Vallisneria za kutosha kuwapa wamama watano, zimeshakaa ndooni wiki mbili na hazina konokono. Anayetaka aje Jumamosi kwenye mkutano na mfuko wenye maji kidogo, na anieleze dirisha lake linatazama upande gani.